Mtandao Haupimwi Juu ya Jiwe

Karibuni chai, vijana wangu wa minara, na msijifanye mmepita tu kunisalimia. Najua mlichokijia. Watu wa kile kijiji cha ziwani, upande wa Ngumbo, wamewakatalia kuing'oa redio koli ya zahanati yao. Wamewaambia hawaiachii mpaka Mama Redio aseme. Mama Redio ndiye mimi, ndiyo mkapandisha milimani huku, kijijini kwangu Ukata, na mkate na sukari. Asanteni kwa sukari. Jibu nitawapa, ila kwanza mtanisikiliza, kwa sababu redio hiyohiyo niliwahi kuagizwa niing'oe mimi mwenyewe, nikakataa mchana kweupe mbele ya kijiji kizima.

Sikukataa kwa kutoelewa. Niliielewa amri vizuri sana. Redio ile ndiyo njia ya nesi kuita gari la wagonjwa kutoka Mbinga mzazi anapozidiwa. Ukiing'oa halafu simu isishike, mwanamke anakufa akiwa anatazama dari. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na ndilo lililopo mezani leo. Mengine yote ni makaratasi.

Ila niwaonye mapema. Humu ndani kwangu mtu asiniambie "mlima umeziba". Neno hilo linanipandisha presha. Miaka yangu yote ya ufundi nimelisikia kwa watu wavivu. Mlima hauzibi, unasumbua tu, na kusumbuliwa si kuzuiwa. Aliyenifundisha hivyo ni Mwalimu Shaibu, fundi wetu mkuu pale Mbinga, mtu wa Tanga aliyeletwa na uhamisho na ambaye aliichukia baridi ya huku kuliko shetani. Alikuwa anavaa koti juu ya koti, kofia ya sufu juu ya barakashia, halafu anakuuliza, "Kandida, wimbi likikuta mlima linafanya nini?" Mimi, binti wa Kimatengo niliyetoka shule juzi, nikajibu, "Linasimama, Mwalimu." Alicheka mpaka akakohoa. "Linasimama linalia? Linarudi kwa mama yake? Wimbi halina akili ya kukata tamaa, mwanangu. Wewe ndiye umekata tamaa, unalisingizia."

Akanitoa nje, akanionyesha ukuta wa ofisi. Kuna mtu alikuwa anaimba upande wa pili, hatumwoni, lakini sauti tunayo. "Imefikaje?" Imepinda kwenye kona, imegonga nyumba ya jirani ikarudi, na nyingine imepenya dirishani ikiwa imechoka. Akasema na redio ni hivyohivyo. Wimbi linapinda kidogo kwenye ukingo wa mlima. Linagonga mwamba na bati na maji, linarukia kwingine. Linapenya majani na udongo likiwa hoi. Mara nyingi kinachokufikia ni mchanganyiko wa hayo yote, na mengine yanafika yamechelewa yanapigana na yaliyotangulia. Ndiyo maana unasogea hatua mbili sauti inapotea, unarudi hatua moja inakuja. Si uchawi, na si simu mbovu. Umesimama mahali mawimbi yanapogombana, basi, sogea.

Sasa zahanati yenyewe. Mmeshaiona: ziwa mbele, mlima mgongoni, na Mbinga iko huko nyuma ya mlima. Mafundi waliotutangulia walikuwa wameupandisha waya wa antena juu ya milingoti mirefu ya mkaratusi, wakiamini kupanda juu ndiyo kufika mbali. Na kweli ilifika mbali! Ukiiwasha unasikia watu wa nchi za watu wanahubiri kwa lugha usizozijua, lakini Mbinga hapo nyuma ya kilima huipati hata kwa dawa. Mwalimu Shaibu alipofika aliutazama ule waya, akautazama mlima, akaniambia, "Ushushe."

"Niushushe mpaka wapi?"

"Mpaka usawa wa mtu mrefu aliyenyoosha mikono."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Gaudensi, ambaye mtamsikia sana leo, alikuwa pale na watu wake. Walitucheka bila siri. "Mafundi wa Mbinga mmetuletea kamba ya kuanikia nguo?" Tukawasha. "Mbinga, Mbinga, hapa ziwani, unanipata? Ova." Mbinga ikajibu utadhani iko jikoni. Mzee Gaudensi akavua kofia.

Siri yake ni ndogo, na ninyi mnaopenda minara mirefu iwaingie. Waya ukiwa juu sana unalitupa wimbi pembeni, linaenda zake mbali. Ukiwa chini, linapanda wima kama moshi asubuhi isiyo na upepo, linakutana na tabaka la anga za juu, linarudi chini limetawanyika, linashuka pande zote mbili za mlima. Mlima unabaki umesimama pale na ukubwa wake, haukuulizwa. Kazi yako ni kuchagua masafa tu, ya mchana na ya jioni, kwa sababu anga halirudishi kila wimbi kila saa.

Na kweli waya uligeuzwa kamba ya nguo, msicheke. Niliitwa siku moja kwamba redio inakoroma, nikashuka ule mteremko nimekunjwa kwenye gari la dawa mpaka kiuno kikafa ganzi. Nikakuta vitenge vibichi vimeanikwa kutoka mlingoti hadi mlingoti, na shati la sare ya nesi katikati. Nesi Yustina, binti wa hapohapo ziwani, mkali kama pilipili, akaniambia, "Mama Redio, mmetuletea waya mzuri unaopita juani, tukautazame tu?" Nikamfungia kamba ya katani upande wa pili wa jengo siku hiyohiyo. Fundi asiyejua watu wanaanika wapi nguo zao hajamaliza kufunga antena.

Kule Namswea nako tulikuwa na redio ya aina nyingine, ile ya VHF, ambayo antena zake mbili zinataka kuonana. Kiangazi inaongea, masika inakufa. Tulibadilisha betri, tukabadilisha waya, tukalaumu panya. Mwalimu Shaibu akanikalisha nje kwenye mvua na mwavuli wake, akaniambia nitazame Mbinga iko wapi na katikati pana nini. Katikati palikuwa na miti ya kivuli ya shamba la kahawa, majani yamelowa chepechepe. Majani makavu wimbi linapita linalalamika. Majani mabichi yenye maji yanalinywa. Nikaenda kwa mwenye shamba kumwomba akate miti. "Thubutu! Kahawa yangu ikaungue juani kwa ajili ya kelele zenu? Miti hii mmeikuta." Nikarudi nimenuna. Mwalimu akasema, "Ana haki. Hamisha antena." Tukaihamishia pembe ya pili ya nyumba, ikachungulia pembeni mwa shamba, na redio ikaongea masika yote. Tangu siku hiyo nasogea mimi kabla sijamwambia mwenye mti asogee.

Basi zikaja simu. Mwalimu Shaibu alikuwa ameshastaafu, amerudi kwenye joto lake. Mbamba Bay ukasimama mnara, na kwenye kile kijiji cha Ngumbo watu wakagundua jiwe.

Jiwe lenyewe liko nje ya kijiji, limeingia majini kama pua. Ukilipanda unaona maji matupu mpaka upeo. Huko juu simu ilikuwa inashika, na penginepo kijijini kote ilikuwa haishiki kitu. Watu wakaliwekea adabu yake. Mtu akipanda kuzungumza, wanaosubiri chini wanageuka wote, wanaangalia kijijini, wanampa mgongo. Ukimkuta mama analia na mwanawe aliyeko mbali, hukusikia. Ukimkuta kijana anatongoza, hukusikia. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini ukiivunja hata usipa, vidagaa vya ziwani, hutauziwa. Nililipenda jiwe lile kwa sababu ya ile migongo.

Ila lilikuwa na hila zake. Ukisimama pale asubuhi ya joto kabla ya mvua, ziwa limelala kama mafuta kwenye sufuria, simu inasoma vistari vyote. Siku nyingine inakukaribisha Malawi, na umesimama Tanzania na viatu vyako! Halafu inakuja miezi ya mwera, ule upepo wa kusini unaofanya wavuvi walale nyumbani, na unaweza kukaa juu ya jiwe mpaka ukaota magamba, hupati hata mlio.

Sasa sikilizeni kosa lilivyofanyika, na sijui kama lingefanyika penginepo. Ofisi ilituma wapimaji wazunguke vijijini waone wapi simu imefika. Wakafika pale katikati ya joto lile la kabla ya mvua, asubuhi, ziwa limetulia. Wakauliza kwa upole, "Wazee, mtandao upo?" Mzee Gaudensi akawatazama wageni wake, wamevaa viatu vya mjini, wametoka mbali. Mgeni humwonyeshi shimo la taka. Mgeni anapewa kigoda kizuri, samaki mkubwa, na kama ameuliza mtandao, anapelekwa mtandao ulipo. Wakaongozwa na umati mpaka kwenye jiwe, wakasaidiwa kupanda, na kijiji kizima kikawageuzia mgongo kwa heshima wapige simu zao. Wakapiga, zikaita, wakashangilia. Wakalishwa samaki mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, wakaondoka wameandika kwamba kijiji kimefikiwa.

Hakuna aliyedanganya, hilo ndilo lililoniuma. Wapimaji waliandika walichokiona, na wenyeji waliwaonyesha walichojivunia.

Amri ikatoka. Kijiji kimefikiwa, redio ing'olewe ipelekwe kwingine. Nikateremka na bosi wangu, Injinia Lameki, kijana wa Mara aliyesoma na kusomeka, mtu mwungwana. Njiani akasema, "Mama Kandida, na mimi najua pale simu ni ya kubahatisha. Lakini juu wanaona rangi ya kijani kwenye ramani. Nikiiacha redio, nitasema nini?"

Nikamwambia, "Utasema umeiona mwenyewe."

"Basi tuone."

Kikaitishwa kikao uani pa zahanati. Ilikuwa miezi ya mwera, ila asubuhi ile upepo ulikuwa haujaamka. Nesi Yustina hakukaa kikaoni. Alikuwa na mzazi ndani tangu alfajiri, uzazi wake wa kwanza, na kila mara tulimsikia akimwambia, "Pumua, mdogo wangu, pumua."

Mzee Gaudensi akasimama na koti lake la vikao. Akasema kijiji chake kinashukuru kwa maendeleo, kwamba mtandao upo, wageni walishaupima, na kama ofisi inataka redio yake, sisi ni watu wa amani. Watu wakapiga makofi kidogo, shingo upande. Nikainuka kabla ya kuruhusiwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mtandao upo wapi?"

"Marahaba. Si upo pale kwenye jiwe, Mama Redio? Wewe mwenyewe unapajua."

"Mwanamke aliye ndani humu, akianza kuvuja damu, nani atapanda jiwe? Yeye?"

"Nesi atapanda."

"Na damu ataishika nani nesi akiwa juu ya jiwe?"

Akakasirika. Nawaelewa wazee wa hivyo. Miaka yote kijiji chake kiliandikwa hakina. Hakina barabara, hakina maji, hakina umeme. Leo kwa mara ya kwanza kimeandikwa kina, halafu anakuja mwanamke kutoka milimani kumwambia afute. Akanijibu, "Mama Redio, wewe unataka tubaki nyuma ili uendelee kuitwa fundi?"

Loo! Liliniingia mpaka mfupani. Machozi yalinilenga, na sijui kulia mbele za watu. Nikamwambia, "Niite unavyotaka. Waya huu siushushi. Injinia, spana hii hapa, ofisi imeshakuagiza, ushushe wewe." Nikaiweka spana mezani mbele yake, nikaenda kukaa na akina mama chini. Najua nilimvunjia heshima bosi wangu. Siku ile heshima ilikuwa na kazi nyingine.

Injinia hakuigusa. Akasema kwa utaratibu tungoje mwera uamke, twende wote kwenye jiwe tukapige. Tulipokuwa tunangoja akanieleza kitu nilichokiona miaka mingi bila kukijua sababu. Asubuhi ya utulivu, hewa ya moto inalala juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika, inakuwa kama mfereji, wimbi la Mbamba Bay linaingia humo na kufuata maji hata likipinda rasi. Upepo ukija unakoroga hewa yote, mfereji unavunjika, na wimbi linaruka kwenda zake. Nilimshukuru, na namshukuru mpaka leo.

Mwera ukaja kama ulivyo, bila hodi. Ziwa likabadilika rangi, mabati yakaanza kupiga. Wakaenda kwenye jiwe, na mimi nikaenda nyuma yao. Injinia akapiga, kimya. Watu wakapiga, kimya. Mzee Gaudensi akapanda mwenyewe, koti linapepea, simu sikioni, "Halo! Halo! Halo!" Sisi chini tulikuwa tumegeuka kama ilivyo adabu, kwa hiyo hakuna aliyemwona uso wake. Tulimsikia tu akiita mpaka sauti ikakauka.

Hapo ndipo mhudumu wa zahanati alipokuja mbio, kanga mkononi, akisema Nesi Yustina anamtaka Mama Redio. Nilikimbia na miguu yangu hii. Nikamkuta Yustina mkono mmoja umelibana tumbo la mzazi, mwingine umeshika kidude cha redio, damu imefika kwenye viatu. Hakunihitaji kwa kingine, alitaka tu nikae kwenye redio ili yeye ampe mgonjwa mikono yote miwili. Nikashika mimi.

"Mbinga, Mbinga, hapa ziwani. Mzazi anavuja damu. Tunahitaji gari. Ova."

"Nakupata, ziwani. Gari linatoka. Daktari huyu hapa, mwulize nesi amempa nini. Ova."

Daktari alikuwa anamwelekeza Yustina kutoka nyuma ya mlima, mimi nikiwa katikati napokea na kupeleka, neno kwa neno, mpaka gari lilipofika. Nilipoinua kichwa, mlangoni palikuwa na Injinia Lameki na nyuma yake Mzee Gaudensi. Mzee alikuwa ameshika kofia. Akamwambia Injinia, taratibu, mbele ya watu wake wote, "Andika hatuna. Kijiji changu, andika hakina mtandao." Sijawahi kusikia neno zito kuliko hilo kwa mtu mzima, na lilimtoka kwa shida.

Mama yule alipona. Mtoto hakupona. Nawaambia hivyo ili msidhani nawapigia hadithi ya kufurahisha. Redio iliokoa mmoja kati ya wawili, na simu ingewazika wote.

Injinia aliandika, na redio ikabaki. Mimi nikaandikiwa onyo la kukaidi amri mbele ya wananchi, nikatolewa kazi za nje, nikawekwa stoo na mende na mabunda ya waya mpaka nilipostaafu. Walidhani wameniadhibu. Ni kweli walinikomesha kidogo, maana niliipenda barabara ile na mashimo yake. Ila mkiniuliza kama ningefanya vingine, ala, hamjanisikia basi tangu asubuhi.

Sasa jibu lenu. Mnasema mnara mpya umesimama, ramani ni kijani, na hata jiwe halihitajiki tena. Huenda ni kweli, nami nitafurahi kuliko ninyi. Lakini mwezi huu ziwa limetulia, sishuki. Tutashuka wote mwera ukianza, ule wa kuezua mapaa. Hatutapima barabarani, wala ufukweni, wala mlangoni kwa mwenyekiti. Mtamwomba nesi ruhusa, milango na madirisha yafungwe, nami nitapanda kile kitanda cha kujifungulia nilale chali na simu mkononi, nipige Mbinga. Nitapiga asubuhi, nitapiga upepo ukiwa katikati, nitapiga bati zikilia. Ikipokelewa kila mara, nitainuka niushushe ule waya kwa mikono yangu. Ikikosa kupokelewa, hata iwe mara moja tu, mtanikuta palepale kitandani, mje mniondoe mimi kwanza.